Ekipe za mashariki: kwa nini "tunataka kombe" haitoshi kuwa lengo

Tangu usiku wa tarehe 16 mwezi wa kumi na moja 2025, mazungumzo ya mpira yamebadilika huku mashariki ya Kongo. Usiku ule, kule Rabat, Moroko, Leopards waliwatoa Nigeria kwa penalti 4 kwa 3, kisha mechi kuisha 1-1. Siku tatu kabla walikuwa wamepiga Kamerun 1-0, kwa goli la kapiteni Chancel Mbemba katika dakika za nyongeza. Kisha hapo kulikuwa kumebaki barrage ya mabara, Meksiko, mwezi wa tatu 2026. Wakati ule inchi hii haikuwa imecheza Kombe la Dunia tangu 1974, wakati ilikuwa inaitwa Zaïre.

Furaha ni furaha, na watu walikuwa nayo lazima. Lakini ndani ya ekipe za kartiye, za vijiji na za shule, ushindi ule umeleta pia maneno makubwa. Karibu kila komite inasema: "Na sisi tunaweza. Mwaka huu tunataka kombe." Kocha anaambiwa hivyo, wachezaji wanaambiwa hivyo, mashabiki wanaimba hivyo. Kisha mechi tatu za kwanza zinapita vibaya, kocha anafukuzwa, wachezaji wawili wazuri wanahamia kwa jirani, na mbele ya msimu kuisha ekipe inabaki jina tu.

Shida iko wapi? Si kwamba vijana wa mashariki hawajue mpira. Mara nyingi shida ni kwamba ekipe haikuwa na lengo. Ilikuwa na ndoto. Ndoto ni nzuri, lakini haikwambie kesho asubuhi saa kumi na mbili utafanya nini kiwanjani.

Ndoto, lengo, na kazi ya kila siku

Watu wanaofundisha mambo ya michezo wanagawa malengo katika aina tatu. Ni vizuri kuzielewa, juu ya ekipe nyingi zinabeba moja tu na kuacha mbili.

Aina ya kwanza ni lengo la matokeo: kuwa wa kwanza, kuchukua kombe, kupanda divizioni, kupiga jirani. Hili linapendwa sana, lakini halimo mikononi mwa ekipe peke yake. Unaweza kucheza vizuri na kukuta mwenzako amecheza vizuri zaidi. Kuna muamuzi, kuna mvua, kuna bahati.

Aina ya pili ni lengo la kiwango: kufunga magoli mangapi, kufungwa mangapi, kupata pointi ngapi katika mzunguko wa kwanza, kupiga mashuti mangapi yanayolenga goli. Hapa ekipe inajilinganisha na yenyewe, vile ilikuwa mwezi uliopita.

Aina ya tatu ni lengo la kazi: mazoezi mara ngapi kwa juma, wachezaji wangapi wanafika kwa saa, kona zinafanyiwa mazoezi siku gani, golikipa anapata nusu saa yake peke yake ama hapana. Hili liko mikononi mwa ekipe karibu lote. Muamuzi hawezi kukunyima kufika mazoezi.

Aina hizi tatu zinapandiana kama ngazi. Kazi ya kila siku inaleta kiwango, na kiwango kinafungua mlango wa matokeo. Anayesema "tunataka kombe" na kunyamaza hapo, ameonyesha watu juu ya nyumba bila kuwapa ngazi.

Malori ya mbao ya Oklahoma

Miaka ya 1970, huko Marekani, mtafiti mmoja, Gary Latham, alifuata madereva wa malori yanayobeba magogo ya miti katika jimbo la Oklahoma. Sheria ilikuwa inaweka kipimo cha mzigo. Madereva walikuwa wanaambiwa tu wafanye vile wanaweza, na malori yalikuwa yanatoka na karibu asilimia 60 ya mzigo ulioruhusiwa. Kisha wakapewa lengo moja wazi: asilimia 94. Hawakuongezewa mshahara. Miezi ikapita, mzigo ukapanda, ukateremka kidogo, na mwishoni ukapita asilimia 90.

Huku kwetu mtu atacheka, juu ya malori ya barabara zetu yana shida ya kinyume: yanajaa kupita kipimo. Lakini fundisho linabaki. Latham na mwenzake Edwin Locke walifanya utafiti miaka mingi juu ya jambo hili, na walichokuta ni hiki: lengo lililo wazi na gumu kidogo linasukuma mtu kuliko maneno "fanya unavyoweza". Lakini waliweka na masharti. Mtu lazima alikubali lengo lile kwa roho yake. Lazima awe na uwezo na vyombo vya kulifikia. Na lazima apate habari, kila mara, amefika wapi. Bila habari ile, hajui kama anakaribia ama anapotea.

Tazama sasa ekipe ya kawaida ya Bunia, Butembo, Uvira ama Kalemie. "Mjitahidi, vijana!" Hilo ni "fanya unavyoweza". Kisha mechi kocha anasema "mulicheza vizuri" ama "mulicheza vibaya", na hakuna mwenye daftari. Mchezaji anarudi nyumbani bila kujua ni nini hasa kilikuwa vizuri na ni nini kilikuwa vibaya.

Leopards: kutoka shimoni hadi Rabat

Ili kuona vile ngazi inapandwa, hakuna mfano ulio karibu na watu kuliko Leopards wenyewe.

Mwezi wa sita 2022, ekipe ya taifa ilikuwa chini kabisa. Ilikuwa imekosa Kombe la Afrika lililochezwa Kamerun mwanzoni mwa 2022. Ikaanza mechi za kutafuta tiketi ya kombe lililofuata kwa kufungwa na Gabon nyumbani, kisha na Sudani. Mechi mbili, pointi sifuri. Mwezi wa nane, Sébastien Desabre, Mfaransa, akachukua kazi.

Kama lengo lingekuwa "kuchukua Kombe la Afrika" tu, kazi ingekuwa imekwisha mbele ya kuanza. Ngazi ya kwanza ilikuwa fupi zaidi: kutoka mwisho wa kundi. Leopards walipiga Mauritania, wakatoka sare nayo, wakapiga Gabon, wakapiga Sudani, na wakamaliza wa kwanza wa kundi.

Kule Côte d'Ivoire, mwanzoni mwa 2024, mambo yalionyesha fundisho lingine. Katika kundi, Leopards hawakupiga mtu hata mmoja: 1-1 na Zambia, 1-1 na Moroko, 0-0 na Tanzania. Wengi walilalamika. Lakini kazi ya kundi ni kutoka ndani ya kundi, si kupendeza. Pointi tatu zilitosha kuwa wa pili. Kisha wakawatoa Misri kwa penalti 8 kwa 7, na ile ya mwisho ilipigwa na golikipa Lionel Mpasi mwenyewe. Wakapiga Gine 3-1. Wakasimamishwa na wenye nyumba, Côte d'Ivoire, 1-0, katika nusu fainali. Ekipe iliyokuwa na pointi sifuri mwezi wa sita 2022 ilimaliza ya nne Afrika mwezi wa pili 2024.

Watu wa mashariki wanakumbuka jambo lingine la mechi ile ya nusu fainali. Wakati wa wimbo wa taifa, wachezaji walifunika mdomo kwa mkono mmoja, na vidole viwili vya mkono mwingine wakaviweka kwenye kichwa kama bunduki. Dunia nzima iliona, na iliuliza ni nini kinafanyika Kivu na Ituri. Hilo halimo katika jedwali la pointi. Lakini linaonyesha kwamba ekipe inaweza kuwa na sababu ya kucheza inayopita kombe, na sababu hiyo haikatazi kuhesabu pointi.

Siku lengo la kwanza lilivunjika

Somo kubwa zaidi liko katika njia ya Kombe la Dunia 2026. Leopards walikuwa kundi moja na Senegal, Sudani, Togo, Mauritania na Sudani ya Kusini. Wa kwanza tu ndiye anaenda moja kwa moja. Tarehe 9 mwezi wa tisa 2025, katika kiwanja cha Martyrs, Kinshasa, Leopards waliongoza Senegal 2-0. Wakafungwa 3-2. Siku ile watu wengi walizima radio.

Hapa ndipo ekipe nyingi zinavunjika. Lengo lilikuwa kuwa wa kwanza, sasa limeponyoka, basi nani atakimbia tena? Lakini kulikuwa na mlango wa pili: wa pili wanne wazuri zaidi wa Afrika wangecheza barrage. Mlango ule ulikuwa na bei yake, na bei ilihesabika. Mwezi wa kumi kulikuwa na mechi mbili, Togo na Sudani. Leopards walizishinda zote mbili 1-0. Hakukuwa na goli la ziada, hakukuwa na maonyesho. Walimaliza na pointi 22, Senegal 24, na wakaingia katika wale wanne pamoja na Gabon, Kamerun na Nigeria. Yaliyofuata Rabat, kila mtu anayajua.

Hata penalti za Nigeria zina somo. Karibu na mwisho wa dakika za nyongeza, kocha alimtoa Mpasi na kumwingiza golikipa mwingine, Timothy Fayulu, kwa ajili ya penalti tu. Hata kama mtu anaona ni bahati, kubadilisha golikipa dakika ya 119 kunaonyesha kwamba swali la penalti lilikuwa limefikiriwa mapema. Ekipe ngapi za kartiye zinafika fainali ya mashindano ya Noeli bila kujua nani atapiga penalti ya kwanza?

Jambo la mwisho la kuangalia hapa: kocha ni yule yule tangu 2022. Alipofungwa na Senegal nyumbani, hakufukuzwa kesho yake. Lengo la miaka haliwezi kupimwa kwa jioni moja.

1974: wakati ahadi haifuate lengo

Kuna pia mfano wa kinyume, na wazee wanaujua. Mwaka wa 1974, Leopards walichukua Kombe la Afrika kule Misri, na Ndaye Mulamba alifunga magoli tisa. Miezi michache kisha wakafika Ujerumani ya Magharibi, ekipe ya kwanza ya Afrika kusini ya Sahara kucheza Kombe la Dunia. Wakafungwa 2-0 na Scotland, 9-0 na Yugoslavia, 3-0 na Brazil.

Wengi wanacheka kile 9-0. Lakini wachezaji walisimulia baadaye kwamba feza waliyoahidiwa haikuwafikia, na kwamba mbele ya mechi ya Yugoslavia walikuwa wanawaza kukataa kucheza. Vijana wale wale waliokuwa mabingwa wa Afrika mwezi wa tatu hawakusahau mpira mwezi wa sita. Kilichokatika ni uaminifu. Viongozi walikuwa na lengo lao, heshima ya inchi, lakini wale wa kulibeba waliona wamedanganywa.

Huku mashariki jambo hili linajirudia kwa kiasi kidogo. Wakati wa uchaguzi, mgombea anakuja na jezi na mipira miwili, anasema anataka kombe. Ama prezida wa ekipe anaahidi dola kwa kila goli. Kisha hakuna kitu. Ahadi ambayo haitalipwa ni mbaya kuliko kukosa ahadi, juu ya inaua ile sharti ya kwanza: mchezaji kukubali lengo kwa roho yake. Kama komite ina uwezo wa kutoa maji na ndizi tu kisha mazoezi, iseme hivyo, na maji na ndizi yafike kila siku.

Kipimo cha mashariki

Mtu atasema: Leopards wana ndege, wana daktari, wana wachezaji wa Ulaya. Ni kweli. Kwa hiyo ni vizuri kutazama pia karibu.

Maniema Union, ekipe ya Kindu, ilifika makundi ya Ligi ya Mabingwa ya Afrika msimu wa 2024-2025. Kundi lilikuwa gumu: AS FAR na Raja za Moroko, na Mamelodi Sundowns ya Afrika ya Kusini. Mechi ya kwanza, ugenini kwa Sundowns, iliisha 0-0. Mwishoni Maniema Union ilikuwa ya nne na ikatoka. Kama kipimo ni kombe tu, ilikosa. Kama kipimo ni kwamba ekipe ya Maniema imekaa katika wale kumi na sita wa Afrika na kunyima goli ekipe iliyokuja kufika fainali msimu ule ule, basi kuna kitu kimepatikana ambacho msimu ujao unaweza kusimama juu yake.

Wasichana wa TP Mazembe wa Lubumbashi wametoa mfano ulio wazi zaidi. Mwaka wa 2022 walicheza Ligi ya Mabingwa ya wanawake ya Afrika na wakatoka katika makundi. Mwaka wa 2023 hawakuwemo. Mwezi wa kumi na moja 2024 wakachukua kombe, kule Moroko, wakipiga AS FAR 1-0 kwake nyumbani. Kama klabu ingefunga ekipe ya wasichana kisha 2022 kwa kusema "hawawezi", kombe lile lisingekuja Kongo.

Lakini ekipe za Kivu na Ituri zina mizigo ambayo haiko katika kitabu cha mafunzo. Vita ilipofika Goma mwezi wa kwanza 2025 na Bukavu mwezi wa pili, uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa, benki za miji ile miwili zilifunga milango, barabara fulani hazipitike ama zinapitika kwa hofu. Wachezaji wamekimbia na familia zao, wengine wako upande huu, wengine upande ule. Kuna vijiji ambako kiwanja kimegeuka kambi ya wakimbizi.

Katika hali kama hiyo, je, kuweka lengo kuna maana? Kuna maana zaidi kuliko wakati wa amani. Lakini lengo lenyewe lazima libadilike. Ekipe ambayo mwaka wa 2023 ilikuwa inawaza kupanda divizioni, leo inaweza kuweka lengo hili: vijana ishirini wabaki pamoja, wafanye mazoezi mara tatu kwa juma, saa ambazo njia iko salama, hadi mwezi wa sita. Anayesema hilo ni dogo hajui kitu kinachongoja kijana ambaye hana shule, hana kazi na hana ekipe. Wazazi wengi wa huku wanajua. Ekipe inapokufa kisha kufungwa mara tatu, vijana wale hawabaki kukaa nyumbani tu. Wengine wanaenda machimboni, wengine wanaokotwa na wenye bunduki.

Kwa hiyo lengo baya linagharimu zaidi ya mechi. Komite inapoweka "kombe ama hakuna kitu", inapaswa kujua kwamba mara nyingi itapata ile "hakuna kitu", na wanaolipa ni watoto wa watu.

Vile ekipe inaweza kuanza

Kazi hii haiombi feza nyingi. Inaomba daftari moja, biki, na kikao kimoja ambamo kila mtu anasema.

Kwanza, wachezaji wawe ndani ya kikao. Si komite peke yake, si kocha peke yake. Kapiteni, golikipa, na yule kijana wa akiba ambaye hapendi kusema. Lengo lililoletwa kutoka juu linabebwa kama mzigo wa mwingine. Lengo ambalo mtu alishiriki kulitunga analibeba kama lake.

Pili, muhesabu mahali mulipo leo. Tuseme ekipe iko katika shampiona ya ekipe nane, mechi 14. Msimu uliopita ilipata pointi 13, ilifunga magoli 11 na kufungwa 24. Kusema "mwaka huu tutakuwa wa kwanza" ni kuruka. Kusema "tutafika pointi 20" ni kupanda. Pointi 20 ni nini? Ni kushinda tano, sare tano, kufungwa nne. Sasa kila mtu anaona. Mkifungwa mechi ya kwanza, dunia haijaisha: mlikuwa mmekubali kufungwa nne, imebaki tatu.

Tatu, mtafute ni wapi pointi zinapotea. Ekipe iliyofungwa 24 irudi kukumbuka magoli yale yaliingia vipi. Kama mengi yaliingia dakika za mwisho, shida ni pumzi ama chakula. Kama yaliingia kwa kona, shida ni kupangana. Lengo la kiwango linatoka hapo: kutoka 24 hadi 16. Na lengo la kazi linatoka katika lile la kiwango: kila siku ya tatu, dakika ishirini za kona, wachezaji wote na golikipa. Huwezi kuanza na kazi bila kujua shida, kama vile daktari hawezi kutoa dawa bila kuuliza unaumwa wapi.

Ine, msiweke malengo mengi. Mawili ama matatu yanatosha. Ukimwambia kijana mambo kumi, atashika moja, na litakuwa lile rahisi. Na katika yale mawili ama matatu, moja liwe la mtu binafsi. Beki wa kushoto awe na lake, mshambuliaji awe na lake, kwa namba, si kwa maneno "ujikaze".

Tano, mtu mmoja aandike. Anaweza kuwa mchezaji aliyeumia, dada wa mchezaji, mwalimu wa shule. Aandike nani alifika mazoezi, mashuti mangapi yalilenga, goli liliingia dakika gani. Kila kisha mechi nne, ekipe ikae chini ya mti, isome daftari. Hii ndiyo ile habari ambayo madereva wa Oklahoma walikuwa wanaipata. Bila daftari, kinachoongoza kikao ni sauti ya anayesema kwa nguvu.

Sita, muandike tangu mwanzo mtafanya nini mlango wa kwanza ukifungwa. Kama barabara imekatika na mechi mbili zimesogezwa, lengo linakuwa lipi? Kama wachezaji watano wamekimbia, tunacheza na nani? Kubadilisha lengo kwa sababu hali imebadilika si aibu. Aibu ni kulibadilisha kila juma kwa sababu ya hasira ya mashabiki. Njia ya kutofautisha ni rahisi: kama kilichobadilika kiko nje ya kiwanja, mkae mlifikirie upya. Kama kilichobadilika ni matokeo ya mechi moja, mfungue daftari kwanza.

Saba, kocha apewe muda ulioandikwa. Mzunguko mzima wa kwanza, kwa mfano, kisha komite ipime kwa namba zilizokubaliwa. Ekipe inayobadilisha kocha mara tatu kwa msimu imebadilisha lengo mara tatu, hata kama haijasema.

Kinachobaki kwa mashabiki

Kuna watu wengine ambao wana sehemu yao: wale wanaosimama pembeni ya kiwanja. Katika kiwanja cha Unité cha Goma ama cha Concorde kule Kadutu, kama vile katika viwanja vya vumbi vya Bunia, sauti ya shabiki inafika haraka kwa masikio ya komite. Shabiki anayejua lengo la ekipe ni pointi 20 atauliza swali tofauti na yule anayejua tu "kombe". Atauliza: "Tuko na ngapi? Imebaki mechi ngapi?" Ni swali linalosaidia. Matusi kwa kijana wa miaka kumi na saba aliyekosa penalti hayaongeze pointi hata moja.

Kwa hiyo ekipe iandike malengo yake na iyatundike mahali watu wanaona: kwenye ukuta wa shule, kwenye duka la prezida, mlangoni mwa kanisa ama msikiti kama wakubwa wanakubali. Kitu kilichoandikwa mbele ya watu ni kigumu kukikana.

Kisha Rabat kulibaki barrage ya Meksiko, mwezi wa tatu 2026, na hakuna aliyeweza kuahidi matokeo, hata kocha mwenyewe. Matokeo yawe gani, njia waliyopita tangu zile pointi sifuri za 2022 imekwisha kuonyesha kitu ambacho ekipe yoyote ya mashariki inaweza kuchukua bila kulipa hata franga: jua mahali ulipo, chagua ngazi moja iliyo mbele, hesabu, na mlango mmoja ukifungwa utafute mwingine mbele ya kuanza kulia. Juma hili ekipe nyingi zitafanya mazoezi kama kawaida. Kapiteni anaweza kuuliza wenzake jambo moja tu mbele ya kukimbia: msimu uliopita tulifungwa magoli mangapi? Kama hakuna anayejua, kazi ya kwanza imekwisha kupatikana.